Kadi mbili si lazima ziwe njia mbili: maswali ya kila mara kuhusu kadi za mtandao kwenye klasta ya seva

Kazi yangu ni kufunga na kutunza seva hapa Lamu, nyingi zikiwa za ofisi ndogo: vyama vya akiba na mikopo, zahanati, nyumba za wageni. Maswali haya nimeulizwa kwa simu, nimeulizwa barazani, na mara moja nimeulizwa ndani ya boti ya Mokowe nikiwa nimepakata swichi mapajani, kile kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao. Mfano wangu ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: seva mbili za Linux zinazofanya kazi moja. Nimeziita Kaskazi na Kusi, maana zinapokezana zamu kama pepo hizo.

Tukisema klasta tunamaanisha nini?

Seva mbili au zaidi zinazolindana. Kaskazi inabeba huduma, Kusi inakaa macho. Kaskazi ikianguka, Kusi inachukua huduma pamoja na anwani yake, na karani wa dirishani anaona mtandao umekwama kidogo, kisha kazi inaendelea. Kule kuhama ndiko mafundi wanakoita feilova.

Kama nina seva mbili, kadi ya pili ndani ya kila seva ya nini? Si mwenzake atapokea?

Atapokea, lakini kwa gharama. Huduma ikihama, hifadhidata inafungwa upande huu na kufunguliwa upande ule, inajikagua, programu inaamka, na kila aliyekuwa ameingia anaingia upya. Hesabu nusu dakika ukiwa na bahati, na dakika kadhaa kama hifadhidata ni kubwa. Yote hayo kwa sababu ya plagi iliyolegea? Kadi ya pili ndani ya seva ileile inashika kazi kabla sekunde haijaisha na hakuna anayejua. Mimi hupanga hivi: kadi ikifa, jambo liishie ndani ya seva. Kuhamisha huduma ni kwa ajili ya seva iliyokufa.

Kila seva iwe na matundu mangapi ya mtandao?

Manne ndiyo kima cha chini changu. Mawili ni ya huduma, yaani yale wanayopitia watumiaji, na yamefungwa pamoja kuwa bondi. La tatu linakwenda moja kwa moja kwa mwenzake kwa kebo isiyopita kwenye swichi, kwa ajili ya kunakili diski. La nne ni la usimamizi, lile la kompyuta ndogo iliyo ndani ya seva inayokuwezesha kuiwasha na kuizima ukiwa mbali.

Ukipata la tano, lipe peke yake mapigo ya klasta, yaani salamu ambazo seva hutumiana kila mara kujulishana kwamba ziko hai. Usipolipata, pitisha mapigo kwenye njia mbili ulizo nazo, ile kebo ya moja kwa moja na ile bondi. Uangalie tu kwamba kunakili diski kukishika kasi hakuyabani mapigo. Nimewahi kuona klasta ikiamini mwenzake amekufa usiku wa manane, kumbe nakala za akiba zilikuwa zinapita.

Nimepata kadi moja yenye matundu manne kwa bei nzuri. Si imemaliza mambo?

Imekupa matundu, haijakupa kinga. Matundu manne yale yanakaa kwenye kadi moja, mara nyingi chini ya chipu moja, na kadi yenyewe imechomekwa kwenye nafasi moja ya madabodi. Ikifa, yanakufa manne. Ukifunga bondi ya tundu la kwanza na la pili la kadi ileile, umejikinga na kebo kukatika, basi.

Inunue, lakini changanya: mguu mmoja wa bondi utoke kwenye tundu la madabodi, mguu wa pili utoke kwenye kadi ya kuongeza. Utapata faida nyingine bila kuilipia. Yakiwa matundu hayo yanatumia draiva tofauti (draiva ni programu inayoendesha kadi), draiva moja ikiharibika baada ya kusasisha mfumo, nyingine inabaki imesimama.

Swichi moja ya bei kubwa, au mbili za kawaida?

Mbili za kawaida. Hata zile zisizo na mipangilio yoyote zinatosha kwa bondi ya kupokezana nitakayoieleza chini. Kadi ya kwanza ya kila seva iende swichi ya kwanza, ya pili iende swichi ya pili, na swichi zenyewe ziunganishwe kwa kebo. Bila kebo hiyo, siku Kaskazi iko swichi ya kwanza na Kusi iko ya pili, hazitaonana. Na kwa swichi za kawaida hizo iwe kebo moja tu. Ukiongeza ya pili kwa nia njema, data itazunguka kati yake bila kikomo mpaka mtandao wote uzimie. Kompyuta za makarani nazo zigawe: madirisha mengine swichi hii, mengine ile, ili swichi moja ikifa foleni isisimame yote.

Lakini usiishie kwenye swichi. Kuna ofisi niliyoifungia mambo yote hayo nikajipongeza: kadi mbili, swichi mbili, kebo za rangi mbili. Ramadhani ikaingia. Jioni moja, dakika chache kabla ya magharibi, simu ikalia: mfumo wote umekufa. Nikatembea mpaka pale, nikakuta seva zote mbili zinawaka taa vizuri na swichi zote mbili zimezima. Swichi zilikuwa kwenye ekstensheni moja, ekstensheni iko kwenye UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ndogo ya VA 1000, na aliyekuwa akiandaa futari alichomeka humo birika la umeme la wati 2000. UPS ikalemewa, ikajizima. Klasta haikuhamisha chochote, na haikukosea: hapakuwa na pa kuhamia. Nilifuturu chini ya kabati la swichi, tende mkono mmoja, tochi mkono wa pili. Birika halikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu.

Tangu siku ile nafuata kila njia kwa kidole: kadi, plagi, kebo, swichi, ekstensheni, UPS, soketi ya ukutani, fyuzi. Halafu narudia kwa kadi ya pili. Pale vidole viwili vinapokutana ndipo huduma itakapofia. Kwenye nyumba nyingi za mji wa kale vitakutana kwenye fyuzi au kwenye mita, na hapo huna la kufanya ila kuweka UPS mbili na kuandika karatasini kwamba unajua.

Anwani nizipange vipi?

Kila seva iwe na anwani yake ya kudumu, na huduma iwe na anwani yake isiyo mali ya seva yoyote. Kwa mfano Kaskazi 192.168.20.11, Kusi 192.168.20.12, huduma 192.168.20.10. Watumiaji wanaijua hiyo ya mwisho peke yake. Kebo ya kunakili ipewe sabneti, yaani kundi la anwani, nyingine kabisa, tuseme 10.10.10.1 na 10.10.10.2.

Anwani hizi ziondoe kwenye fungu ambalo ruta inawagawia wageni. Usipofanya hivyo, siku seva imezima simu ya mgeni itapewa 192.168.20.10, na seva ikirudi mtagombania.

Kwa nini nisizipe kadi mbili anwani mbili kwenye sabneti ileile, bila bondi?

Kwa sababu utadhani una mbili kumbe unatumia moja. Linux ikiwa na kadi mbili kwenye sabneti moja, njia ya kutokea huwa ni kadi moja, na anwani yoyote kati ya hizo mbili inaweza kujibiwa na kadi yoyote. Kadi ya pili inaweza kufa miezi mitatu na ping zako, yaani salamu za kupima kama anwani inajibu, zikaendelea kurudi salama. Ya kwanza ikifuata, utajuta. Mifumo mingine ya klasta huruhusu kadi za kusubiri zenye anwani zake, lakini hudai kila kadi ikae sabneti yake, na sababu ni hiyohiyo.

Anwani ikihama, watu wengine wanajuaje?

Kila kifaa mtandaoni kina daftari dogo: anwani fulani ya IP (zile tulizopanga juu) inakaa kwa anwani fulani ya MAC (nambari ya kadi yenyewe). Huduma ikihamia Kusi, IP ni ileile lakini MAC imebadilika, kwa hiyo daftari za watu zina uwongo. Kusi hutangaza kwa wote, bila kuulizwa: 192.168.20.10 sasa ni mimi. Wengi husahihisha papo hapo. Wachache ni viziwi. Nimekutana na printa ya risiti na ruta ya zamani zisizosikia tangazo hata moja, zikingoja daftari lao likauke lenyewe kwa dakika kadhaa. Kwa hao, ongeza idadi ya matangazo kwenye mipangilio, na uwajaribu mmoja mmoja.

Ndani ya bondi mambo ni mepesi zaidi. Kwa kawaida kadi zote mbili huvaa MAC moja, hivyo daftari za watu hazibadiliki. Swichi ndizo zinazojifunza upya kwamba MAC ile sasa inaingilia tundu jingine.

Wanaotumia keepalived, programu ya kuhamisha anwani kati ya seva, wana njia ya tatu. Itifaki ya VRRP inaweza kuipa huduma MAC yake yenyewe, inayoanza na 00:00:5e:00:01, ikahama pamoja na IP.

Bondi ya mtindo gani?

Mtindo nambari 1, unaoandikwa active-backup: kadi moja inafanya kazi, nyingine inangoja. Inakubaliana na swichi yoyote ile na haina maneno.

Watu hunijia na mtindo nambari 4, ule wa LACP, ambapo seva na swichi hukubaliana kutumia kebo zote kwa pamoja, kwa sababu wameambiwa unajumlisha kasi. Kiwango chake kilitoka mwaka 2000 kikiitwa 802.3ad, na tangu 2008 kinaitwa 802.1AX. Ni kizuri, lakini swichi lazima ikijue, na ukitaka miguu miwili ya bondi iende swichi mbili, swichi hizo lazima ziwe za aina inayoweza kujifanya swichi moja. Bei hapo si ya ofisi zetu. Na ile kasi: mazungumzo kati ya kompyuta mbili hupita kebo moja tu, kwa hiyo kunakili faili moja kubwa hakuendi kasi zaidi. Ukiuchagua hata hivyo, weka salamu zake ziwe za haraka, kila sekunde 1. Zikiwa za polepole zinatumwa kila sekunde 30, na mwenzake anaweza kusubiri sekunde 90 kabla ya kukata tamaa.

Kadi inajuaje kwamba imekufa?

Hapa ndipo mipango mingi inapovuja. Njia ya kawaida ni kutazama taa: mfumo unaiuliza kadi kila milisekunde 100 kama ina mawasiliano na kilicho upande wa pili wa kebo. Hiyo ndiyo miimon kwenye mipangilio. Kebo ikichomoka, inajua mara moja. Swichi ikizimika, inajua. Lakini swichi ikiganda huku taa zake zinawaka, au ile kebo ya kati ya swichi ikikatwa na panya, kadi itaendelea kuona taa na kuamini yote ni heri.

Njia ya pili ni kubisha hodi: bondi inatuma ulizo la ARP (lile la "nani ana anwani hii?") kwa anwani ulizoitajia, na isipojibiwa inahamia kadi ya pili. Unaweza kuitajia hadi anwani 16. Chagua mbili au tatu zisizolala. Ofisi moja walitaja ruta peke yake, na mlinzi alikuwa akiizima kila usiku kuokoa umeme, basi kumbukumbu za seva zilijaa malalamiko mpaka alfajiri. Usitumie njia zote mbili pamoja, chagua moja. Na kubisha hodi hakufai kwenye bondi ya LACP.

Kadi ikirudi, irudishiwe zamu?

Si papo hapo. Plagi inayolegea inakuja na kwenda, na kila safari ni kukatika kidogo. Weka kungoja kwa sekunde kadhaa kabla kadi haijaaminiwa tena, au iache ikae akiba mpaka aliyopo ishindwe.

Swichi yangu inachukua kama nusu dakika kabla tundu halijafanya kazi. Ni mbovu?

Nzima. Inakagua kwanza kama kuna mzunguko: sekunde 15 inasikiliza, 15 inajifunza, ndipo inaruhusu data. Kwenye tundu la seva, iambie kwamba hapo pamechomekwa kifaa cha mwisho, si swichi nyingine. Usipoiambia, kadi iliyofufuka itaonyesha taa huku data yake inamwagwa.

Mapigo yanapitaje, na yapite njia ngapi?

Zisipungue mbili zisizokutana popote. Corosync, programu inayobeba mapigo chini ya Pacemaker (programu inayoamua huduma ikae seva ipi), toleo la 3 inakubali hadi njia 8, lakini mbili nzuri zinanitosha. Muda wa kungoja kabla ya kumhesabu mwenzake kuwa amekufa ulikuwa sekunde 1 kwenye matoleo ya nyuma, matoleo ya karibuni ni sekunde 3. Sijawahi kujuta kwa kuurefusha. Najua watu waliojuta kwa kuufupisha.

Na mapigo yakikatika kabisa huku seva zote ziko hai?

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kusi inaamini Kaskazi imekufa, inajipa anwani na kufungua hifadhidata. Kaskazi haijui lolote, inaendelea. Karani wa dirisha hili anaandika akiba kwa Kaskazi, wa dirisha lile kwa Kusi, na kuoanisha vitabu hivyo viwili baadaye ni kazi ambayo simtakii mtu.

Dawa ni mbili, na zinakwenda pamoja. Ya kwanza ni akidi: kura ya tatu itoke kwenye kifaa kingine, hata kikiwa kompyuta ndogo chumba cha pili, ili anayebaki peke yake ajue hana wingi. Ya pili ni kumzima mwenzako kwa hakika kabla ya kuchukua zamu, kupitia lile tundu la usimamizi. Sasa angalia tundu hilo linapitia wapi. Likipita swichi ileile ya mapigo, swichi ikifa umepoteza mapigo na mkono wa kuzimia kwa pigo moja.

Kuna mtego mwingine, na kwetu ambako umeme huenda na kurudi unauma. Ile kompyuta ndogo ya usimamizi inakula umeme wa seva yenyewe. Kaskazi ikikosa umeme kabisa, Kusi inajaribu kuizima, haijibiwi, na kwa kuwa haina uhakika inakataa kuchukua zamu. Kwa hiyo seva iwe na pawasaplai mbili kwenye UPS mbili, au uweke kifaa cha soketi kinachozimwa kwa mtandao kama mkono wa pili.

Hewa ya chumvi inadhuru kadi kweli, au ni visingizio vya mafundi?

Njoo nikuonyeshe. Chomoa plagi iliyokaa miaka miwili kwenye chumba chenye dirisha la baharini, ielekeze kwenye mwanga, utaona meno yake ya dhahabu yana madoa ya kijani. Hiyo ni kutu ya shaba iliyo chini ya dhahabu. Dhahabu ya plagi za bei rahisi ni nyembamba mno, na chumvi hupenya.

Ubaya wake ni kwamba kadi haifi. Kasi ya gigabiti 1 inahitaji jozi zote nne za waya, ile ya megabiti 100 inahitaji mbili. Jozi moja kati ya zile mbili za ziada ikipoteza mguso, kadi nyingi hushuka hadi 100 kimya kimya, taa inaendelea kuwaka, na bondi haioni sababu ya kuhama. Watumiaji wanasema mfumo umechoka. Kwa hiyo kila mwezi tazama kwa amri ya ethtool kasi iliyoandikwa na hesabu ya makosa, kwa kadi zote, pamoja na ile inayongoja. Kebo ni bei ya chai. Zibadilishe kabla hazijaomba. Matundu yasiyotumika yazibe kwa vifuniko vya plastiki, na chumba kikae kimefungwa, maana vumbi la chokaa la kuta za matumbawe likichanganyika na unyevu linashika kama saruji.

Kebo ya kwenda jengo jingine isiwe ya shaba. Weka ya nyuzi za kioo, ambayo haipitishi umeme. Radi moja ya masika hufuata shaba na kuchoma kadi mbili kwa pamoja, yako na ya akiba.

Wifi inaweza kuwa njia ya pili?

Hapana.

Na kadi za USB?

Kwa dharura, usiku mmoja, mpaka boti ya asubuhi.

Seva zangu ni za kubuni, yaani programu tu ndani ya mashine moja kubwa. Nizifungie bondi?

Bondi ifungwe kwenye mashine kubwa. Kuipa seva ya ndani kadi mbili za kubuni zinazotokea kwenye kadi moja ya chuma ni kujidanganya. Na seva mbili za klasta zisikae mashine moja.

Niko Malindi, hoteli yetu ina laini mbili za intaneti. Ni mambo haya haya?

Ni jirani yake. Huko ruta ndiyo inayochagua laini. Lakini kile kidole bado kinafaa: toka nje utazame kama kebo za kampuni zote mbili zimefungwa kwenye nguzo moja. Mara nyingi zimefungwa.

Nijaribuje kabla ya kukabidhi kazi?

Kwa mkono. Kuzima kadi kwa amri si sawa na kuchomoa kebo, mfumo unaona mambo mawili tofauti, na Corosync haipendi la kwanza. Chagua Ijumaa ofisi ikishafungwa. Weka kompyuta pembeni ipige ping anwani ya huduma mara tano kwa sekunde, na uhesabu zinazopotea. Chomoa kebo ya kadi inayofanya kazi. Irudishe, chomoa nyingine. Zima swichi ya kwanza kwenye umeme, iwashe, ngoja, zima ya pili. Chomoa ile kebo ya kati. Kata mapigo njia moja, kisha zote, uone nani anamzima nani. Mwisho ng'oa umeme wa Kaskazi yote. Andika sekunde za kila jaribio mbele ya mwenye ofisi, kwa sababu ukirudi mwaka ujao utataka kulinganisha.

Vipuri gani nikae navyo?

Kadi moja ya aina ileile, swichi moja, na kebo nusu dazeni, ndani ya mkebe unaofunga vizuri wenye vipakiti vya kunyonya unyevu. Kadi ikivuka kwa boti kuja kwako, ibaki kwenye mfuko wake mpaka saa ya kuifunga. Na juu ya kifuniko andika kwa wino MAC ya kadi ya akiba, maana mipangilio iliyofungamana na MAC ya zamani haitaitambua mpya, na saa nane usiku hutaki kusoma herufi ndogo kwa tochi ya simu.